Wasomaji Wanauliza: Dawa ya Maumivu Haingoji Maumivu

Barua tatu za safari hii zimetoka kusini, zote za watu wanaouguza nyumbani wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Zimejibiwa na wahudumu wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso.

SWALI: Shikamooni. Mama ana saratani ya shingo ya kizazi. Amerudi Newala kutoka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na chupa ya mofini ya maji, dawa kali ya maumivu, mililita 5 kila baada ya saa nne. Mjomba anasema hiyo ni dawa ya kumuagia mtu, apewe akizidiwa tu. Tunampa akilia, na bado halali. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mnakosea hapo kwenye "akilia". Mofini ya maji hukaa mwilini saa nne hivi, kisha nguvu yake huisha. Mkingoja alie, dozi inakuta maumivu yamekwisha kupanda, na yenyewe huchukua kama nusu saa kuanza kazi. Mama anateseka mara kadhaa kwa siku na chupa ipo kabatini.

Mpeni kwa saa: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni. Muulizeni aliyewaandikia dawa kama saa 4 usiku anaweza kupewa dozi mbili kwa mpigo, ili ile ya saa 8 usiku irukwe na nyote mlale. Ndivyo inavyofanywa kwa wengi. Tegeni kengele ya simu. Maumivu yakichomoza katikati, mpeni dozi ya ziada kiasi kilekile, muiandike kwenye daftari, na dozi ya saa yake ibaki palepale. Daftari likionyesha za ziada tatu au nne kila siku, muuguzi ataona kwamba dozi ni ndogo na ataipandisha. Msiipandishe wenyewe.

Pimeni kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake; vijiko vya jikoni havilingani. Na kila mkipewa chupa mpya, someni maandishi yake. Ipo mofini ya miligramu 5 katika mililita 5, na ipo ya miligramu 50 katika kiasi hichohicho. Ukimpimia ya 50 ukidhani ni ya 5, umempa mgonjwa dozi mara kumi.

Sasa choo. Kichefuchefu na usingizi wa siku mbili tatu za mwanzo hupita (usingizi mwingine ni deni la usiku aliokesha), lakini kufunga choo hakupiti. Dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili usiku, ianze siku moja na mofini, isisubiri shida. Mara nyingi familia hudhani saratani imehamia tumboni, kumbe ni choo cha wiki nzima.

Kwa ugonjwa wa mama, tazameni pia mkojo. Uvimbe wa shingo ya kizazi unaweza kuziba mirija inayotoka kwenye figo, na mofini hutolewa na figo. Mkojo ukipungua, dawa hulimbikizana: atasinzia kupita kiasi, mikono itashtukashtuka. Mpigieni muuguzi siku hiyohiyo. Akiwa haamshiki, au anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, msimpe dozi inayofuata na ombeni msaada papo hapo.

Mjomba msimfiche; huko kwenu neno lake halirukwi. Mketisheni na muuguzi, aone daftari. Mofini imepata jina baya kwa sababu mara nyingi huletwa siku za mwisho kabisa, mtu akafa kwa ugonjwa wake, lawama ikabaki kwenye chupa.

SWALI: Dada yangu ana kidonda cha saratani ya titi. Harufu imefukuza wageni. Tunakiosha kwa spiriti. Nachingwea.

JIBU: Acheni spiriti, inaunguza na haiondoi harufu. Harufu inatoka kwa vijidudu wanaoishi kwenye nyama iliyokufa. Chemsheni nusu lita ya maji na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yapoe, mwagieni taratibu bila kusugua. Kisha sageni vidonge vya metronidazo, ambavyo dukani huitwa flajili, viwe unga laini, mnyunyize juu ya kidonda kila mnapofunga. Muulizeni muuguzi idadi. Harufu hupungua baada ya siku chache.

Kitambaa kiwe cha pamba: kanga kuukuu iliyochemshwa, ikaanikwa juani na kupigwa pasi. Kabla ya kukitoa, kiloweshwe maji ya chumvi mpaka kiachie chenyewe. Kukibandua kikavu ndiko kunakoleta damu. Damu ikitoka, bonyezeni dakika 10 bila kuchungulia. Wekeni karibu kanga ya rangi nyeusi au nyekundu, damu isimtishe yeye wala watoto. Karai la mkaa usiowashwa chini ya kitanda nalo husaidia kupunguza harufu.

SWALI: Baba hali siku ya nne na koo linakoroma. Ndugu wa Lindi mjini wanataka dripu, wengine wanamnywesha maji kwa kijiko. Tufanye nini?

JIBU: Pole sana. Kijiko kisimame leo. Asiyeweza kumeza, maji yake huingia kwenye mapafu. Mwili unaozimika hauombi chakula, na dripu saa hizi huongeza uvimbe na majimaji yaleyale yanayokoroma. Mlazeni ubavu, kichwa kiinuke kidogo kwa mto, na mgeuzeni upande kila baada ya saa mbili. Mkoromo utapungua, unawaumiza ninyi mnaousikia kuliko yeye. Lowesheni midomo na ulimi kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha mafuta kidogo midomoni. Dawa ya maumivu isikatwe kwa sababu hamezi: muulizeni muuguzi, mofini kidogo inaweza kudondoshwa ndani ya shavu. Wanaomsomea Yasini waendelee, na watoto wasifukuzwe chumbani.