Kunguni: bei ya mara ya pili na ile karatasi ya RCCM

Dada, umeuliza kama fundi anayepuliza dawa ya kunguni anakuibia, kwa kuwa anataka kurudi na kulipwa tena. Kurudi mara ya pili si wizi. Dawa nyingi za kupuliza zinaua kunguni wanaotembea, mayai yanabaki na kuanguliwa baada ya wiki moja hivi. Ndiyo maana anarudi kati ya siku ya 10 na ya 14. Nimefanya kazi hii Kadutu na Bagira, mjini Bukavu: tulipopuliza mara moja tu, wenye nyumba walituita tena. Kosa lake ni kukutajia pesa ya pili baadaye. Bei ingekuwa moja kwa mara zote mbili, imeandikwa kabla hajajaza pampu.

RCCM (karatasi ya usajili wa biashara) aliyokuonyesha inathibitisha tu kwamba ameandikishwa kama mfanyabiashara, haisemi kama anajua dawa. Omba kuona chupa ya dawa yenyewe, lebo isomeke, isiwe ya maji ya kunywa iliyojazwa sokoni.

Na akitoa vidonge vya kuhifadhia mahindi (fosfidi ya alumini), mkatalie kabisa, tafadhali. Vinatoa gesi ya fosfini, na kwenye nyumba zetu za mbao zilizobanana inapenya hadi kwa jirani na kuua watu usingizini.