Maswali ya Wasomaji: Nyuzi za kitanzi sizipati

SWALI: Shikamooni. Niliwekewa kitanzi cha shaba cha kuzuia mimba wiki tano zilizopita, mtoto akiwa na miezi miwili. Hedhi imekuja nyingi, tumbo linakaza, na jana nilipojipima sikuzipata nyuzi. Jirani anasema kimeshapanda moyoni. Kweli?
Mama Wawili, Ujiji

JIBU: Marahaba. Moyoni hakifiki, mwambie jirani. Nyuzi zisipoguswa, mara nyingi zimejikunja tu ndani ya mlango wa kizazi. Lakini kitanzi chaweza pia kuwa kimetoka na mabonge ya damu bila wewe kujua. Hilo hutokea zaidi miezi ya mwanzo. Mara chache sana hutoboa ukuta wa kizazi, na anayenyonyesha yuko karibu kidogo na hatari hiyo.

Jipime tena. Nawa mikono, chuchumaa, ingiza kidole cha kati mpaka uguse kitu kigumu kiasi kama ncha ya pua: huo ndio mlango wa kizazi. Hapo tafuta nyuzi mbili nyembamba. Usizivute. Usipozipata, tumieni kondomu na urudi ulikowekewa, na kadi yako mkononi. Watapima mimba kwanza, kisha watatazama ndani. Wasipoziona, utatumwa altrasaundi, hata hospitali ya Maweni, Kigoma, ikibidi. Hujachelewa: marudio huwa kati ya wiki ya 3 na ya 6.

Damu nyingi na maumivu ni kawaida ya shaba kwa miezi 3 hadi 6, kisha hupungua. Siku za hedhi meza ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku, baada ya kula, isipokuwa una vidonda vya tumbo. Aspirini iache, huzidisha damu. Ukilowesha pedi nzima kila saa, au ukipata kizunguzungu, kapimwe wingi wa damu. Na malaria pia, kwani huku kwetu nayo hupunguza damu, halafu lawama zote anabeba kitanzi.

Usingoje siku ya marudio ukipata homa pamoja na maumivu chini ya kitovu, au uchafu unaonuka: maambukizi hupenda siku 20 za mwanzo. Hedhi ikikosekana na upande mmoja wa tumbo ukauma, nenda siku hiyohiyo. Huenda mimba imetunga nje ya kizazi.

SWALI: Mke wangu ana kitanzi, nami nachomwa wakati wa tendo. Kitolewe?
Baba, Kasulu

JIBU: Hapana, baba. Uzi uliobaki mfupi mgumu ndio huchoma. Mrefu kidogo hulainika na kujikunja nyuma. Mhudumu anaweza kuukata hadi usawa wa mlango wa kizazi, ila mkeo hataweza tena kujipima kwa kidole, na siku ya kukitoa itahitajika kazi zaidi, basi amueni pamoja. Kama unachogusa si uzi bali kitu kigumu cha plastiki, hapo kitanzi kinashuka: kondomu, na kliniki kesho asubuhi.