Grotesque: neno lililotoka pangoni

Mkuu, umeuliza neno la Kiingereza "grotesque" maana yake nini hasa na limetoka wapi, maana kamusi yako imekupa "-baya sana" ikaishia hapo. Neno hili lishanitoa jasho.

Kuna kipindi nilipewa kazi ya kutafsiri maelezo ya maonyesho ya vinyago vya Wamakonde. Kimoja kilikuwa shetani, mtindo ule wa mchongaji Samaki Likankoa wa miaka ya 1950: jicho moja kubwa, tumboni tundu la kupitisha ngumi, mguu unaishia pembe. Mzungu kaandika grotesque, nami nikaweka "chenye sura mbaya". Mzee mmoja mchongaji akasoma, akaniuliza: "Ubaya wake uko wapi, mwanangu?" Nikakosa jibu.

Nikaanza kuchimba. Asili ni Roma. Baada ya mji kuungua mwaka 64 baada ya Kristo, Kaisari Nero alijijengea jumba la kifahari, Domus Aurea. Alipokufa, waliomfuata wakalifukia na kujenga juu yake. Kwenye mwaka 1480 hivi vyumba vikagunduliwa, watu wakawa wanashuka kwa kamba na mienge, wakidhani ni mapango. Pango kwa Kiitaliano ni grotta, basi michoro ya ukutani ikaitwa grottesche, yaani ya pangoni. Mchoraji Raphael naye alishuka kuitazama, akautumia mtindo huohuo Vatican.

Sasa utamu uko hapa: michoro ile si mibaya hata kidogo! Ni myepesi, ya kupendeza. Shina la ua linachipua kichwa cha mtu, mnyama anamalizikia majani. Kosa lake ni kuchanganya visivyochanganyika. Vitruvius, msanifu majengo aliyemtangulia Nero, alishalalamika kwamba wachoraji wanachora vitu visivyokuwepo na visivyoweza kuwepo. Ubaya ulibandikwa neno likishasafiri kwenda lugha nyingine.

Kwa hiyo mtu mwenye sura mbaya tu si grotesque. Lazima ukimtazama ushindwe kujua ucheke au ukimbie. Kwa Kiswahili, "kituko" kinachekesha mno, "zimwi" linatisha mno. Mimi naona "kioja" ndicho kinachokaribia, kwa sababu kioja unakishangaa kwanza, kuhukumu baadaye.

Nikarekebisha: "umbo la kioja". Mzee akatikisa kichwa kukubali. Mhariri akalifuta, akaweka "la kutisha", na hivyo ndivyo lilivyobandikwa mpaka maonyesho yakaisha.