Sudan III na mawese: angalia rangi imekaa wapi

Nafundisha baiolojia hapa Kigoma. Kila mitihani ya vitendo inapokaribia, walimu wenzangu hunipigia simu na swali lilelile: Sudan III, ile rangi ya kuonyesha kama sampuli ina mafuta, inagoma, wekundu hauonekani, au unaonekana kila mahali. Nimeona niandike, maana mwaka wangu wa kwanza kazini nililifundisha zoezi hili vibaya, na walioumia ni wanafunzi.

Siku hiyo nilimtuma kijana soko la Mwanga akaninunulie mawese kwenye chupa ya maji ya kunywa. Niliona hakuna sampuli inayotufaa kuliko hiyo. Kila nyumba huku inapikia mawese. Nikagawa kwenye testi tyubu. Kabla chupa ya Sudan III haijafika meza ya nyuma, binti mmoja akanyoosha mkono. "Madamu, yangu imeshakuwa nyekundu na dawa sijaweka." Wenzake wa meza ile walikuwa wameshaandika kwamba mafuta yapo. Nikamwambia aendelee tu. Jibu lile linaniuma hadi leo, kwa sababu darasa zima yeye ndiye aliyekuwa ameona sawasawa.

Mawese ni mekundu kwa karotini yake yenyewe. Ukiyachanganya na maji yanapanda juu na wekundu wake, uwe umeweka Sudan III au hujaweka. Kwa hiyo mwanafunzi anajibu sahihi bila kupima chochote.

Wengi tunaichukulia Sudan III kama iodini ya kupimia wanga au Benedict ya kupimia sukari, kwamba ikikutana na kitu chake inabadilika rangi. Haibadiliki. Ilikuwa nyekundu chupani na inabaki nyekundu. Ni rangi isiyoyeyuka kwenye maji. Kwenye spiriti, yaani ethanoli tunamoiyeyushia, inayeyuka kiasi, kwenye mafuta inayeyuka vizuri zaidi. Ikikutana na mafuta inaiacha spiriti na kuhamia huko, basi. Hakuna mmenyuko wa kikemikali. Mtaliano Daddi alipoitumia kuonyesha mafuta mwaka 1896, ilifanya kazi kwa kanuni hiyohiyo. Ndiyo maana siku hizi siwaulizi wanafunzi rangi imekuwaje. Nawauliza imekaa wapi.

Tumia mafuta ya alizeti au ya karanga yaliyochujwa vizuri. Weka mililita mbili za mafuta na mbili za maji, dondosha matone matatu ya Sudan III, tikisa, kisha acha itulie. Usiwe na haraka hapo. Tabaka la mafuta litapanda likiwa jekundu na maji ya chini yatabaki karibu meupe. Pembeni weka testi tyubu mbili zaidi: moja ya maji na Sudan III bila mafuta, nyingine ya sampuli bila Sudan III. Hiyo ya mwisho ndiyo ingemjibu binti yule.

Kama shule yenu ina hadubini, nakuomba sana ufanye na hili la karanga. Chukua karanga mbichi iliyolowekwa, uikate kwa wembe mpya vipande vyembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Vilaze kwenye Sudan III dakika chache huku umefunika, maana spiriti ikikauka utaona chembe nyekundu za rangi yenyewe na utadhani ni mafuta. Suuza haraka kwa ethanoli ya asilimia 50, halafu maji, halafu weka tone la gliserini na kifuniko. Ndani ya kila seli utaona vitone vya duara, vyekundu vya machungwa, vimebanana. Mwanafunzi akishaviona hivyo, huna haja ya kumweleza mafuta ya karanga yanatoka wapi.

Pale kwenye kusuuza ndipo wengi wanapoharibu. Ukitumia ethanoli kali, rangi inarudi kwenye spiriti na kipande kinabaki cheupe. Ni sababu hiyohiyo inayowafanya wenzetu wa maabara za hospitali wanaotafuta mafuta kwenye ini wasipitishe kipande kwenye nta ya parafini kwa njia ya kawaida: alkoholi na zailini, viyeyusho vya njia hiyo, huondoa mafuta kabla rangi haijafika. Wao hugandisha tishu kwa baridi na kuikata ikiwa hivyo, kisha mara nyingi hutumia Oil Red O, rangi nyingine ya mafuta.

Kuiandaa, yeyusha Sudan III kwenye ethanoli ya asilimia 70 mpaka igome kuyeyuka, funga chupa vizuri, na uichuje siku ya kuitumia. Hata kama ni ya jana, ichuje. Weka moto mbali, spiriti inawaka.

Na mabaki ya karanga au mafuta yaliyoguswa na rangi hii yatupwe palepale maabara, asiyale mtu. Neno rangi lisikudanganye ukadhani ni rangi ya chakula. Hairuhusiwi kwenye chakula. Mimi huwahesabia karanga wanaposhika wembe, na huzihesabu tena wanapotoka.