"Live" na "leave": kosa linaloanzia mdomoni

Miaka michache iliyopita nilimwandikia msimamizi wangu wa kazi barua pepe ya mistari minne. Yeye hajui Kiswahili, kwa hiyo mawasiliano yetu yote yalikuwa kwa Kiingereza. Mama yangu alikuwa ametoka hospitalini, nami nikamchukua akae kwangu mpaka apate nguvu. Nilitaka msimamizi aelewe kwamba kwa kipindi hicho nisingeweza zamu za usiku, nikaandika: "From this month I am leaving with my mother." Nilikusudia kusema kwamba naishi na mama. Alichosoma yeye ni kwamba naondoka na mama kuanzia mwezi huo.

Kesho yake nikakuta jibu la upole kabisa. Alinipa pole, akanitakia safari njema, akauliza nitamkabidhi nani kazi zangu. Zamu zangu zote zilikuwa zimeshagawiwa wenzangu. Nilieleza, akanielewa, lakini ilipita wiki nzima kabla sijarudishwa kwenye ratiba, na hiyo ndiyo wiki niliyohitaji malipo kuliko nyingine zote.

Maana za maneno haya nilizijua tangu shule ya msingi. "Live" ni kuishi, "leave" ni kuondoka au kuacha. Kilichoniponza ni kwamba miaka yote hiyo niliyatamka sawasawa, na mtu anapoandika kwa haraka, mkono hufuata sauti iliyo kichwani. Programu ya kusahihisha tahajia nayo haikuweza kuniokoa, maana "leaving" ni neno halali na limeandikwa vizuri. Ndiyo sababu anayesumbuliwa na jozi hii simshauri aanze kwa kukariri herufi. Aanze na mdomo.

Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza sanifu cha Uingereza kina sauti za irabu zipatazo 20, ukihesabu pamoja na zile zinazoteleza kutoka irabu moja kwenda nyingine. Pale ambapo sisi tuna "i" moja, wao wana mbili, na maneno mengi hutenganishwa na tofauti hiyo peke yake: "ship" na "sheep", "fill" na "feel", "slip" na "sleep". Walimu wangu walinifundisha kwamba moja ni fupi na nyingine ni ndefu. Ni kweli, na kwetu sisi ni rahisi kulipokea jambo hilo kwa sababu tunajua fika kwamba kufa si kufaa. Lakini urefu peke yake haukunitosha. Niliivuta "leave" kadiri nilivyoweza, "live" nikaitamka kwa "i" ya kawaida ya Kiswahili, na bado watu walisikia "leave" mara mbili.

Sababu niliipata baadaye sana. "I" yetu, ile ya "kiti", ulimi hupanda juu na kusogea mbele, karibu kabisa na mahali inapotamkwa "leave". Kwa hiyo hata ukiifupisha, unachotoa ni "leave" iliyokatwa. "Live" ina irabu yake nyingine, ambayo Kiswahili hakina. Njia iliyonisaidia ni hii: sema "i" ya "kiti", halafu "e" ya "pete". Rudia polepole uusikie ulimi ukishuka. Kisha simama katikati, mahali ambapo si "i" wala si "e", legeza midomo, na uikate sauti upesi. Hapo ndipo "live" ilipo. Kwa "leave" fanya kinyume: tandaza midomo kama mtu anayeanza kutabasamu, inua ulimi, na uishikilie sauti. Tumia kioo. Midomo ikiwa imekaa namna moja kwa maneno yote mawili, bado hujafika.

Angalia na mwisho wa neno. Sisi tumezoea maneno yaishie kwa irabu, na ulimi hutamani kuongeza "u" kidogo baada ya "v". Wengine, kwa kuikwepa hiyo "u", huikaza "v" hadi inakuwa "f", na hapo "leave" inageuka "leaf", yaani jani. Acha koo iendelee kutetema mpaka meno yaachane na mdomo wa chini.

Kuhusu tahajia, nilidanganywa muda mrefu na ile "e" ya mwisho wa "live". Tulifundishwa kwamba "e" isiyotamkwa hubadilisha irabu iliyotangulia, kama katika "time". Lakini mazoea ya uandishi wa Kiingereza hayapendi neno liishie na "v" tupu, kwa hiyo "e" huwekwa pale kuisindikiza tu: "live", "give", "have", "love". Haiirefushi irabu. Irabu ndefu ya "leave" inaonyeshwa na "ea".

Kwenye maandishi, kinachonilinda zaidi siku hizi ni majirani wa kila neno. "Live" hupenda kufuatwa na "in", "at", "with" au "near", kwa sababu kuishi hakuna kinachotendwa, kuna mahali na watu tu. "Leave" hushika kitu moja kwa moja: "leave the house", "leave the job", "leave your phone". Ukitaja unakokwenda, unaweka "for": "leave for London" ni kuondoka kuelekea London. Na wakati uliopita hauna utata kabisa, maana mmoja ni "lived" na mwingine ni "left". Nikiwa na wasiwasi, naigeuza sentensi yangu kuwa ya jana. Kama ningejiuliza siku ile ningeandika "I lived with my mother" au "I left with my mother", kosa lingejitokeza lenyewe.

Umbo la "-ing" ndilo la kuogopa kuliko yote. "I am leaving" kwa Mwingereza ni tangazo: nimeshaamua, naondoka. Mtu anayeishi mahali pa kudumu husema "I live" bila "-ing", na "I am living" huachiwa hali ya muda, kama ile yangu na mama. Basi kila unapokuta "am leaving" katika barua yako, simama, usome tena.

Kuna jambo moja lililonifanya niyapende maneno haya badala ya kuyaogopa. Wachunguzi wa asili ya maneno huyarudisha yote mawili kwenye mzizi mmoja wa kale uliobeba maana ya kunata na kubaki. Aishiye ni aliyebaki. Aachaye ni anayefanya kitu kibaki nyuma. Sisi tunalielewa hili bila mwalimu, kwani kutoka "baki" tunapata "bakiza". Ndiyo maana "he left me a letter" maana yake aliniachia barua, wala hakuna aliyeondoka na barua hiyo. Tangu nilipoliona hilo, "leave" naifikiria kama kuacha kwanza, kuondoka baadaye.

Mitego mingine naitaja kwa ufupi. "Live" ya matangazo ya moja kwa moja hutamkwa "laiv". "Lives" ikiwa ni kitenzi ina ile irabu fupi, ikiwa ni wingi wa "life" inakuwa "laivz". "Leaves" yaweza kuwa anaondoka au majani. Na "leave" ya kazini, kama likizo ya ugonjwa au ya uzazi, ilitokana na neno jingine la kale lenye maana ya ruhusa, ambalo limekuja kufanana tu na kitenzi. Anayekwambia "I am on leave" amepewa ruhusa, hajaacha kazi.

Zoezi ninalokuachia linahitaji mtu wa pili. Andika sentensi kumi, tano za "live" na tano za "leave", uzichanganye bila mpangilio. Ziwe fupi na zisizojieleza, kama "They want to live" na "They want to leave". Msomee mwenzako bila kumwonyesha karatasi, naye aandike anachosikia. Usimsahihishe katikati. Mara ya kwanza mwenzangu alipata nne, na zote nne alibahatisha. Tulifanya hivyo dakika kumi kila jioni, mama akiwa ameketi pembeni anasikiliza. Wiki ya tatu mwenzangu alipata tisa. Ile moja iliyobaki nilikuwa nimeisoma haraka.