Mitihani ya chuo kwenye kompyuta: mashine ndo kitu rahisi kuliko vyote

Mkuu umeuliza kama idara yenu ihamishe mitihani yote kutoka karatasi kwenda kompyuta muhula ujao, na mashine ngapi zinatosha. Mimi nafundisha na sisi tulishahama miaka kadhaa sasa, hivyo naongea kama mtu aliyeungua. Mashine zisikuumize kichwa, zikiwa chache unawagawa wanafunzi kwa awamu, cha msingi ziwepo za akiba.

Mtihani wetu wa kwanza ulikuwa kwenye Moodle, ule mfumo wa masomo na mitihani ya kompyuta, wanafunzi kama 200, msimamizi akasema anzeni, wote wakabofya kitufe kimoja sekunde ileile. Kile kiduara kikazunguka weee, seva, yaani kompyuta kuu inayoendesha mtihani, ikagoma. Huyu kaona swali la kwanza, jirani yake skrini nyeupe, na saa inahesabu. Kabla ya hapo tulikuwa tumejaribu watu sita tu, ikaenda safi, tukajipongeza, kumbe ndo kosa lenyewe. Siku hizi wanaingia kwenye mfumo mapema, tunafungua mtihani safu kwa safu kwa kupishana dakika, na kila mtu muda wake unahesabiwa tangu alipoanza yeye. Seva tumeiweka kwenye mtandao wa ndani ili intaneti ikikata kazi iendelee. Majibu yanajisevu kila dakika, mashine ikizima mtu anahamia ya akiba anaendelea alipoishia, ila msimamizi awe na uwezo wa kumrudishia dakika alizopoteza palepale, siyo aanze kumtafuta mtu wa IT.

Sasa njoo kwenye maswali, hapa ndo niliumia zaidi. Niliweka swali la jibu fupi, sehemu gani ya seli inazalisha nishati, jibu nikaandika mitokondria basi. Matokeo yakatoka, mwanafunzi mmoja akaja ofisini, mpole kabisa, mwalimu hapa nimekosa nini? Nikafungua nikaona kaandika "mitokondria." yaani neno liko sahihi herufi kwa herufi, ila kaweka nukta mwishoni. Sifuri! Kwa kalamu nyekundu ningempa vema bila hata kufikiri. Nikarudi kupitia darasa zima, aliyeandika "ni mitokondria" sifuri, aliyekosea herufi moja sifuri. Kompyuta inalinganisha maandishi tu, haijui mtu alimaanisha nini, so majibu yote yanayokubalika unayaweka mwenyewe mapema, na kwenye namba unaweka kiasi cha kukosea kinachoruhusiwa, la sivyo 0.33 na 0.333 watagombana. Hesabu zenye alama za njia sisi tumeziacha kwenye karatasi mpaka leo na sioni aibu.

Ya kuchagua nayo usijaze tu kwa sababu yanajisahihisha. Maswali 40 yenye machaguo manne, mtu akibahatisha yote kwa wastani anaondoka na 10.

Faida zipo, kubwa kwangu siyo kuacha kubeba marundo ya karatasi. Mfumo unakuonyesha kila swali nani kalipata, ukiona waliofaulu sana wamelikosa na wa mkiani wamelipata, kagua jibu uliloweka. Mimi nilikuta langu moja nililolitumia miaka, jibu nililoweka ndo lilikuwa na makosa. Kwenye karatasi nisingelijua kamwe.

Kuibia? Changanya mpangilio wa maswali, weka Safe Exam Browser, ile programu iliyotengenezwa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, inamfungia mtu ndani ya mtihani asifungue kitu kingine. Simu iliyoko mapajani haiioni lakini, wasimamizi watembee.

So muhula ujao siyo yote mkuu, anza na somo moja. Wiki mbili kabla fanya jaribio lisilo na alama, wanafunzi wote wa somo hilo, saa ileile, ukumbi uleule, na hata wanaochapa taratibu watapata kuizoea kibodi. Katikati ya jaribio mtume mtu akazime mashine tatu bila kuwaambia wasimamizi.