Fumbo la maneno gazetini: kero zake si za aina moja

Mkuu mleta mada, umeuliza mawili: kwa nini fumbo la maneno la gazetini, lile la kujaza herufi kwenye vyumba vya mlalo na wima, linakuvuta kila siku ilhali hulimalizi na unaishia kulikunja gazeti kwa hasira, na kama kuchungulia majibu au kuuliza intaneti ni wizi. Wenzangu hapo juu wamekwambia usome kamusi. Mimi sikushauri hivyo. Nimejaza haya mafumbo tangu nikiwa mwanafunzi, na kamusi imenisaidia mara chache kuliko watu wanavyodhani.

Kilichonisaidia ni kujua hasira ipi ni ipi. Kuna kidokezo kinakutesa, halafu ukiliona jibu unajigonga paji la uso: "Aa, kumbe!" Na kuna kinachokutesa, ukiona jibu unabaki umelikodolea macho tu, hujawahi kulisikia na kesho hutalikumbuka. Hasira ya kwanza ndiyo utamu wenyewe wa mchezo. Ya pili mrudishie mtungaji, si yako.

Chukua kidokezo hiki nilichokutana nacho: "Jikoni hukaa motoni, ulimini hutemwa", herufi sita. Nilianzia ulimini. Mate? Nne. Shubiri? Saba. Nikahamia jikoni: sufuria, saba, kikaango, nane. Nikakiacha, nikashuka kwenye maneno ya wima. Kimoja kilisema "Karatasi ya umiliki", herufi nne. Hati, hiyo haina mjadala, na H yake ikaangukia chumba cha pili cha lile neno langu. Hapo mambo yakageuka, kwa sababu H ikiwa ya pili, kabla yake, ukiacha irabu, kuna nafasi ya konsonanti chache sana: CH, SH, DH, TH, GH, KH, labda MH. Kisha "Sindano haina kazi bila huo", tatu, uzi, na U ikakaa mwishoni. Sasa nina kitu-H-kitu-kitu-kitu-U. Chungu! Cha kupikia, na kile kinachokufanya ukunje uso. Yote mawili nayajua tangu utotoni, na yalikuwa yamekaa kichwani muda wote yakinicheka. Ningekimbilia ukurasa wa majibu, ningepata herufi sita na kuikosa ile sekunde yenyewe.

Uone pia mtungaji alivyolificha jibu. Ametumia "hu-". Hukaa, hutemwa: haisemi ngeli, haisemi ni kimoja au vingi. Angeandika "kinakaa motoni" ningejua papo hapo kuwa ni KI-VI, na CH ingekuja yenyewe. Watungaji wazuri wa Kiswahili wanaipenda hiyo "hu-" kupita kiasi. Wavivu huandika "Wanafundisha darasani", na wewe unajaza WA kabla hujamaliza kusoma.

Kwa hiyo kabla ya kamusi, itumie lugha yenyewe. Ukipata C, inayofuata ni H, andika bila kufikiri. Q na X usizitafute, labda kwenye majina ya kigeni. Konsonanti mbili zikigongana katikati kwa namna isiyozoeleka, kama FT au RT, fikiria maneno ya kukopa: daftari, sharti. Na neno karibu lote la kawaida huishia irabu, kwa hiyo chumba cha mwisho ni A, E, I, O au U hata kama hujui lolote jingine. Hii ya mwisho inampa mjazaji raha na inamtoa jasho mtungaji. Hebu fikiri: kama kila mstari wa mlalo unaishia kwenye ukingo wa kulia, ukingo huo ukiusoma kwenda chini ni irabu tupu. Neno gani hilo? Ndiyo maana anajaza vyumba vyeusi pembeni, na ndiyo maana tunakutana na ua, oa, ini, uta, ufa na eda kila baada ya siku mbili. Wengine hulalamika kuwa huo ni uvivu. Mimi nawasamehe, hayo ndiyo maneno yanayoshikilia pembe za mchoro zisianguke.

Ninachokataa kusamehe ni kukosa msimamo. Leo "Fanya tendo la kusoma maandishi" jibu ni SOMA, kesho kidokezo cha namna ileile jibu ni KUSOMA, na hakuna lililokuashiria isipokuwa idadi ya vyumba. Au ng'ombe: sita, bila kile kialama cha ng' kuhesabiwa? Kuna fumbo nililowahi kujaza ambalo kile kialama kilipewa chumba chake peke yake. Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikacheka tena.

Uonevu mkubwa kuliko wote ni majina mawili yasiyojulikana kukatana kwenye herufi moja. Mji usioujua unashuka, mwanasiasa usiyemjua anapita, na pale wanapokutana huna pa kushika, unabahatisha tu. Wajazaji wa Marekani wameupa mtego huo jina: Natick, mji mdogo wa jimbo la Massachusetts ambao katika fumbo moja la New York Times ulikatana na jina la mchoraji N. C. Wyeth kwenye ile N ya mwanzo. Ukishajua kuwa jambo hilo lina jina na linawaudhi watu kote, hutajiona mjinga tena. Weka herufi yoyote, endelea.

Sasa kuhusu kuchungulia. Msimamo wangu ni huu: cha kujua unaruhusiwa kuuliza, cha kufikiri usiulize. Mji mkuu wa nchi, kipimo cha kitu, mwaka wa tukio: hivyo ama unavijua ama huvijui, na kukaa saa nzima ukitazama chumba kitupu hakutakuletea. Uliza intaneti, uliza jirani, andika. Lakini kidokezo kinachocheza na maana, kama kile cha chungu, kiache. Funga gazeti, nenda kaoge, rudi. Mara nyingi jibu linakuja ukiwa huliwazi kabisa, na linakuja likiwa zima.

Wa kuogopwa si intaneti, ni yule anayesimama nyuma ya bega lako. Hajakaa, hajashika kalamu, anatupia jicho moja na kusema "hiyo si chungu?" Huyo ndiye mwizi unayemtafuta.

Kero ndogo ndogo zipo na hazina dawa kubwa. Karatasi ya gazeti ni laini, kalamu ya wino inavuja hadi upande wa pili, kifutio kinatoboa. Tumia penseli laini na uandike kwa wepesi mpaka uwe na uhakika. Namba ya kidokezo isipolingana na mchoro, hesabu vyumba mwenyewe na uamini mchoro. Na kama majibu yanatoka toleo linalofuata, lihifadhi lile la jana, maana usipolihifadhi hutajua kamwe kama ulipatia.

Umeandika pia kwamba nyumbani wanakuambia ni kupoteza muda. Wajibu hivi: fumbo la kwanza la namna hii lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likatoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, likiwa na umbo la almasi. Miaka kumi na moja baadaye, 1924, Marekani nzima ilikuwa imepagawa nalo, na New York Times ikaandika kwa dharau kuwa ni upotevu wa muda ulio dhambi. Mwaka 1942 gazeti hilohilo likaanza kuchapisha la kwake, na leo ndilo maarufu kuliko yote.

Tena ni hilohilo lililotoa fumbo ambalo nikilifikiria hadi leo navua kofia. Novemba 5, 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani kati ya Bill Clinton na Bob Dole, kidokezo kiliuliza habari kuu ya gazeti la kesho. Herufi saba, na baada yake neno la "amechaguliwa". Lakini kesho haijafika, mtungaji Jeremiah Farrell alijuaje? Hakujua. CLINTON ni herufi saba, na BOB DOLE ni herufi saba. Kila neno lililoshuka kupitia hapo lilikuwa na majibu mawili yaliyo sahihi. Mnyama mweusi wa sikukuu ya Halloween: kwa Kiingereza paka ni CAT, popo ni BAT, na C au B ndiyo inayoanza jina la mshindi. Waliojaza Clinton walimshangaa mhariri kwa kujitangazia mshindi mapema, waliojaza Dole wakadhani amekosea vibaya, na pande zote mbili zilikuwa zimepatia.

Basi, mkuu, endelea kukasirika, ila mkasirikie anayestahili. Na usianzie namba moja ati kwa sababu ni ya kwanza; pitia vidokezo vyote, jaza vile vya herufi tatu na nne, kisha acha herufi zake zikuoneshe pa kwenda.

Nikuachie kimoja cha kwangu: "Mmoja hukimbia porini, mwingine hukaa juu ya nyumba", herufi tatu. Wengine wote tafadhali msijibu mpaka mleta mada ajaribu.